Kipembe cha Mayu Ngolo

Watu wakikaa wakaanza kuhadithiana siku walizoaibika, huyu suruali ilimchanika mbele ya wakwe, yule aliangukia sufuria la pilau harusini, huwa nacheka nao weee, halafu zamu yangu ikikaribia nasingizia kwamba nakwenda kuangalia ng'ombe. Leo sina ng'ombe wa kusingizia (waliobaki wako kwa mwanangu kule Lalago), kwa hiyo nitasema. Mwenzenu niliaibika mbele ya kijiji kizima, nimezama kwenye pamba hadi kiunoni, na sikuwa nimelewa wala sikuwa nimeiba. Nilikuwa natenda wema. Na aliyeumia hasa hakuwa mimi, ndiyo maana hadithi hii huwa siipendi.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa. Zamani tuliuza kwa chama cha ushirika tu, upende usipende, na pamba safi ilikaa peke yake na fifi, ile chafu ya mwisho mwisho, peke yake. Mara wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, mmoja huku mwingine kule, wanagombania wakulima kama wachumba, tena hawachagui, iwe safi, iwe fifi, iwe na majani, wao twende. Tulifurahi sana. Tatizo ni kwamba pamba ambayo zamani mtu angeiacha shambani ikapeperushwa na upepo sasa ilikuwa na bei, basi watu wakaanza kuibiana mashambani, na sungusungu waliozoea kufuata wezi wa ng'ombe wakawa walinzi wa pamba.

Mimi nilikuwa nasali kwenye kikanisa cha watu wanaoshika Sabato, si lile kanisa kubwa mnalolijua, letu lilikuwa banda la matofali mabichi nje kidogo ya mji wa Bariadi, na kila Sabato tulisoma fungu moja la Torati, vitabu vya Musa, mpaka mwaka unazunguka vinaisha na tunaanza upya. Utaratibu huo kiongozi wetu, Mzee Limbu, aliupata ujanani kwa fundi mmoja Myahudi aliyekuja kufunga mitambo ya kuchambulia pamba. Fundi alimaliza kazi akarudi kwao, Mzee Limbu akabaki na utaratibu. Watu walituita Wayahudi wa Bariadi, na mke wangu Minza, Mkatoliki wa kuzaliwa mwenye ulimi usiolala, kila nikirudi Jumamosi alikuwa akiniuliza, "Haya, leo Musa kakataza nini tena?"

Sabato moja, kabla kidogo ya kuanza kuvuna, fungu likaangukia pale ambapo mwenye shamba anaambiwa asivune mpaka ukingoni, pembe za shamba aziache kwa ajili ya maskini na mgeni. Mzee Limbu akaeleza jinsi yule fundi alivyomfundisha: unaacha, unakwenda zako. Humchagui mtu, humwiti mtu, wala hujisifu, maana kile ulichoacha si zawadi yako, ni haki yao, Mungu alishawagawia kabla wewe hujashika jembe. Akaongeza (na hili ndilo lililokuja kunimaliza) kwamba kumwaibisha mtu hadharani mpaka uso ukambadilika ni sawa na kumwaga damu yake. Nilisikia yote. Nikatoka nimeshika nusu, ile nusu tamu, ya kuacha pembe.

Nikamchagua mtu palepale njiani. Mayu Ngolo, mjane wa marehemu Jidayi, alikuwa jirani yangu, boma lake na shamba langu yametenganishwa na mstari wa minyaa, miti ile ya ua. (Mayu ni mama kwa Kisukuma, na yule alikuwa mama wa kila mtu.) Watoto wake wa kiume walitangulia mbele ya haki, binti mmoja tu alibaki, Kabula, ameolewa Malampaka. Mama huyu nilimpenda tangu utotoni. Kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa ya shamba ni baba yangu na Jidayi wanalima pamoja kwenye kile kipembe cha karibu na minyaa, na Mayu Ngolo anakuja na ungo kichwani, ananipa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, natafuna mpaka taya zinauma. Kwa hiyo kipembe cha kumwachia kilikuwa kilekile, karibu na mlango wake, asipate taabu ya kutembea. Nilijiona nina akili sana.

Asubuhi nikapita kwake.

"Mwangaluka mayu."

"Mwangaluka baba. Kwema?"

"Kwema. Mayu, kile kipembe cha hapo kwenye minyaa, mwaka huu sitakivuna. Kavune wewe."

Alikuwa anapepeta uwele. Akaweka ungo chini taratibu, akanitazama kwa muda, macho yake yale mekundu (alipikia samadi kavu ya ng'ombe miaka yote, kuni kwetu ni za kutafuta kwa tochi) yakajaa maji. "Wabeja, baba," akanishukuru. "Wabeja sana. Baba yako angefurahi." Mimi nikaondoka kifua mbele, nikiwaza kwamba kweli, mzee angefurahi kuona mwanawe alivyo na huruma.

Sasa sikilizeni uamuzi wangu mdogo ulioharibu kila kitu. Niliamua nisimwambie mtu. Si Mzee Limbu alisema tusijisifu? Basi mimi nikafunga mdomo kabisa, hata kwa mke wangu, na nakiri kwamba ile siri ilinipa raha kuliko wema wenyewe, nilikuwa naibeba kama mtu mwenye pipi mfukoni. Tulipomaliza kuvuna, Minza akasimama mikono kiunoni.

"Baba Kulwa, kile kipembe kimekukosea nini?"

"Kiache tu."

"Nikiache na pamba imechanua vile? Wanunuzi wako hapo barabarani wanapiga honi!"

"Mambo ya kanisani, mama. Usikiguse."

Aligeuka akaenda zake akinung'unika kwamba Musa sasa ameanza kumiliki mashamba. Lakini kijijini mtu haachi pamba nyeupe shambani msimu wa wanunuzi binafsi halafu watu wakanyamaza. Wakasema Maduhu, yaani mimi, ameweka dawa pale, dawa ya kuvuta mavuno ya wenzake usiku usiku yahamie kwake, na ndiyo maana hakanyagi wala mkewe hakanyagi. Maneno hayo yalinifikia, nikacheka. Nikajisemea kwamba mwenye haki husengenywa siku zote.

Mayu Ngolo naye alikuwa anavuna alfajiri, kwa sababu jua lilimuumiza macho. Mtu mmoja mzee, ameinama, peke yake, alfajiri, ndani ya kipembe ambacho kijiji kizima kinasema kina dawa. Mimi ningewaza hilo mapema, si ningekuwa na akili kweli.

Siku yenyewe tulikuwa wengi kwenye kituo cha kununulia, ghala la zamani la chama ambalo mnunuzi mmoja alilikodi. Pamba ilikuwa imemwagwa ndani, mlima mrefu unaomwagikia mpaka mlangoni, mizani inaning'inia nje, na sisi na mafurushi yetu kwenye foleni, mimi na Minza katikati. Mara filimbi za sungusungu. Watu wakageuka. Masalu, kamanda wao, anatangulia na fimbo, nyuma yake vijana, na katikati ya vijana Mayu Ngolo, furushi lake dogo la pamba kichwani, kanga imemlegea, miguu ina vumbi mpaka magotini. Hakuna aliyemshika, hilo niwe mkweli, lakini walimzunguka kama mnavyomzunguka ng'ombe mkorofi.

Masalu akaja moja kwa moja mpaka kwangu. "Maduhu, huyu tumemkuta shambani kwako. Unajua habari zake?"

Kabla sijajibu, sauti ya mwanamke nyuma ikasema, "Muulizeni ile dawa ni ya nani, yake au ya Maduhu," na mwingine akadakia, "Hebu tazameni macho yake jamani." Pakawa kimya. Wanaotoka kwetu mnajua kimya kile. Miaka ile bibi mwenye macho mekundu akishatazamwa macho na watu wengi kwa pamoja, alishahesabiwa mchawi, hakuwa salama tena, si siku hiyo, si wiki ijayo. Nikamwangalia Mayu Ngolo, naye ananiangalia mimi, ametulia kabisa, kama mtu anayejua kwamba mwenye neno yupo na sasa hivi atalisema.

Na mimi kichwani mwangu ndiyo Mzee Limbu anahubiri. Nikisema nilimwachia kwa kuwa ni maskini, nitakuwa nimemwaibisha hadharani, nimemwaga damu. Nikinyamaza, watamwaga wao. Basi nikajiona mjanja, nikatafuta njia ya katikati.

"Huyu ni kibarua wangu," nikasema kwa sauti.

"Kibarua?" Hiyo ni sauti ya Minza, mke wangu wa ndoa. "Kibarua gani, Baba Kulwa? Tangu lini? Mgongo wangu huu umevuna shamba lote peke yake, wewe una kibarua?"

Watu wakaguna. Nilimkanyaga mguu kidogo, akanikanyaga wa kwangu kwa nguvu. Masalu akakunja uso. "Maduhu, au wewe unadanganya, au bibi ameiba, au hiyo dawa ni yenu wawili. Chagua moja."

Hapo ndipo nilipopoteza dira. Kelele zilianza, kila mtu anasema lake, sauti yangu haisikiki, nikaona nipande mahali pa juu. Mahali pa juu palikuwa ule mlima wa pamba mlangoni. Nikapanda. Mtu aliyelima pamba maisha yake yote anajua kwamba pamba isiyoshindiliwa haimbebi mtu, na mimi nililima pamba maisha yangu yote, lakini nikapanda, hatua mbili tatu, nikazama mpaka kiunoni. Kofia ikaanguka. Nikitaka kutoa mguu huu, ule unazama zaidi. Na badala ya kunyamaza nikaanza kuhubiri nikiwa humohumo.

"Jamani, hakuna dawa! Torati imesema tuwaachie maskini pembe za shamba! Mimi nimemwachia huyu kwa sababu ni mjane! Hana mtu! Hana kitu! Watoto wamemfia, anapikia samadi, nani atamsaidia? Nimemwonea huruma, basi!"

Kijiji kikaangua kicheko. Walicheka mpaka mwenye mizani akashika mlingoti wake. Myahudi amezama! Mtoeni Musa baharini! Hata Masalu alicheka, akateremsha fimbo, na nikaona kabisa ile hatari inaondoka usoni mwa watu, kwa sababu mtu akishacheka vile ni vigumu kurudi kwenye uchawi. Nami nikacheka, na pamba nyweleni, nikadhani nimemwokoa.

Mayu Ngolo hakucheka. Alisubiri kicheko kipungue. Akatua furushi lake, akalifungua, akaimwaga pamba yote pale mbele yangu juu ya ule mlima, akakung'uta kanga yake vizuri, akajifunga.

"Sikuwa naomba, baba," akasema kwa sauti ndogo. "Nilidhani umekumbuka."

Akaondoka. Watu walimpisha njia, na wengine bado wanafuta machozi ya kucheka. Mimi nilibaki mle ndani mpaka wapakiaji wawili waliponivuta kwa mikono, na sikuelewa nilichotakiwa kukumbuka. Usiku ule Minza hakunitania. Aliniuliza tu kwa nini sikumwambia yeye, mke wangu, angejua la kusema. Kesho yake tulipokwenda kwa Mayu Ngolo na uji wa ulezi tulikuta mlango umefungwa kwa kamba. Alikuwa amepanda lori la pamba kwenda Malampaka, kwa Kabula.

Zikapita Sabato kadhaa. Watoto barabarani wakiniona walikuwa wanatembea kama watu wanaozama, sikuwalaumu. Kisha ikafika zamu yangu ya kusoma fungu, na fungu lile lilikuwa pale Torati inapokataza mtu kusogeza mpaka wa jirani yake, ule uliowekwa na watu wa zamani. Nilianza kwa sauti nzuri tu. Nilipofika kwenye neno mpaka, nikaona mbele yangu, kama ninavyowaona ninyi, ule mstari wa minyaa, ambao haukuwa pale nilipokuwa mtoto. Nikamwona Mayu Ngolo na ungo kichwani. Na kwa mara ya kwanza nikajiuliza swali la kijinga kabisa, ambalo ningejiuliza miaka mingi nyuma: kwa nini yeye ndiye aliyekuwa akileta chakula? Kwetu anayelisha wanaolima ni mwenye shamba. Basi mgeni pale alikuwa baba yangu.

Nikashusha kitabu. Nikamgeukia Mzee Limbu mbele ya waumini wote. "Mzee, kile kipembe kilikuwa cha nani?"

Akanishangaa. "Cha Jidayi. Si mlipohamishiwa hapa wakati wa vijiji vya ujamaa baba yako hakuwa na pa kutosha? Jidayi akamwambia lima hapa na mimi, mpaka utakapojiweza. Kisha wote wawili wakafa. Kwani wewe hukujua? Sisi tulidhani unajua."

Nilikaa chini. Mwingine akamalizia kusoma. Minyaa ile niliipanda mimi mwenyewe, nilipooa, ili mbuzi wasipite, na niliipanda upande wa kwake bila kuuliza mtu, kipembe kikabaki ndani kwangu, na yule mama aliniletea maji ya kunywa wakati nikiipanda. Miaka yote ile hakudai. Alisubiri nikumbuke mwenyewe, na siku nilipomwambia kavune, akaona siku imefika. Nililia pale kanisani bila kujificha.

Nikaenda Malampaka. Kabula alinifungulia bila tabasamu, lakini mama yake alinipokea kama mwanawe, akaniwekea kigoda, akaniuliza habari za Minza na watoto mmoja mmoja. Niliposhindwa kuvumilia nikapiga magoti, nikamwambia nimekumbuka, arudi, kipembe chake kipo, nitang'oa minyaa.

"Inuka, baba, unachafua suruali." Akanisogezea kigoda. "Mimi sirudi. Pale nimeshatazamwa macho. Na wale waliocheka, ningewasalimiaje kila asubuhi?"

"Mayu, nilikosa la kusema. Nikinyamaza wangekuumiza, nikisema ningekuaibisha."

"Kulikuwa na maneno mawili tu," akasema. "Masalu alipokuuliza, ungesema, ni chake. Basi. Hakuna ambaye angeuliza zaidi."

Nilimwomba anipe kazi yoyote, akafikiri, akasema kama naweza, nimlimie viazi pale kwenye kipembe, maana viazi vya udongo wa Malampaka havikuwa na utamu aliouzoea.

Niling'oa minyaa yote, mikono ikaungua kwa utomvu wake. Kipembe nikakitia viazi vitamu, Minza akapalilia nami, na vilipokomaa yeye ndiye aliyechemsha na kuanika juu ya mwamba, akifukuza kuku siku nzima. Tukajaza gunia. Kwenye lori konda akaliona limekaa njiani akafoka, "Gunia la nani hili?"

"La Mayu Ngolo," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Lisogeze," akasema, akaendelea na kazi yake.

Nilipokaribia nyumba ya Kabula niliona watu wengi wamekaa uani kwenye mikeka, wanawake wamejifunga kanga viunoni, na moto mkubwa wa nje, nikajua kabla sijaambiwa. Walikuwa wamemzika jana yake. Homa, ya siku chache tu. Habari kwetu ilikuwa bado haijafika. Nilisimama na gunia begani nisijue pa kulitua, mpaka Kabula alipokuja akalipokea, akalifungua, akainusa ile harufu, akalia hapohapo.

Jioni wakagawa yale matobolwa na chai kwa waombolezaji. Mzee mmoja wa pale aliyekaa karibu nami alitafuna, akasifu, akauliza kwa sauti viazi vitamu namna hii vimetoka wapi. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Kabula akajibu mbele ya watu wote, bila kuniangalia.

"Vimetoka shambani kwa mama."

Sasa mnajua kwa nini fungu lile la pembe za shamba likifika, namwachia mwingine asome. Na mkiniona nachelewa kutoa msaada, msinione mchoyo. Nimeapa kwamba sitampa mtu kitu tena kabla sijauliza, kwanza, kilikuwa cha nani.